Ngazi Zilipolala

Asubuhi ya harusi ya mdogo wake, Vifungo alikuwa dukani akipiga pasi shela. Pasi ile ilikuwa na tabia ya kutema maji ya kutu kila ilipoinamishwa, kwa hiyo alitandaza kwanza kitambaa kilicholowa, akakandamiza, akainua, akapuliza, kisha akasogea kidogo na kiti chake cha magurudumu na kuanza tena. Mdogo wake, ambaye nyumbani waliishia kumwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho, alisimama mbele ya kioo akila mkate. Mama yao alikuwa amemfunga taulo shingoni kama mtu anayenyolewa, asije akaliangushia gauni makombo.

"Kula kwa adabu," Vifungo alimwambia. "Nilikupima ukiwa na njaa."

Vifungo alikuwa fundi wa magauni ya harusi, na jina hilo alipewa kwa sababu ya vifungo alivyovivika kitambaa kwa mkono na kuvipanga mgongoni, kutoka shingoni mpaka kiunoni, vidogo kama mbegu za papai. Mabwana harusi kadhaa walikuwa wamerudi dukani siku ya pili, macho mekundu, kumlalamikia. Alikuwa akiwasikiliza kwa heshima na kuwaambia kwamba subira ni sehemu ya ndoa.

Dukani mwake kila kitu kilikuwa pale mkono wake unapofika: mikasi, nyuzi, birika, redio. Mlango ulikuwa mpana na kizingiti alikwisha kiondoa. Shida ilianzia nje. Ofisi ya msajili wa ndoa ilikuwa ghorofa ya pili ya jumba la jiji, na kwenda huko kulihitaji ngazi za marumaru upande wa mbele, pana na za fahari, halafu ngazi nyingine za mbao kule ndani. Lifti ilikuwepo. Ilizinduliwa kwa tarumbeta, na tangu hapo ilitunza mafagio.

Kwa hiyo Vifungo alikuwa na njia mbili tu. Ya kwanza ni kubebwa: wanaume wanne, moja mbili tatu juu, na katikati ya safari mmoja wao lazima simu yake ilie. Ya pili ni kubaki chini. Alikuwa amewashonea maharusi nusu ya mji na hakuwahi kumwona hata mmoja akisaini. Alibaki chini na mama yake, ambaye alibeba kigoda kidogo kwa kazi hiyo, akakaa kando yake na kumwambia maneno yaleyale: "Huko juu hakuna cha maana. Mtu anasaini, anakohoa, wanateremka."

Lakini safari hii Kitinda alimtaka dada yake awe shahidi, na shahidi hasaini akiwa barabarani.

Walipofika, mlinzi wa jumba la jiji alikuwa ameshawakusanya wabebaji. Walikuwa watu wema, wachukuzi wa sokoni, na mmoja alikuwa amekunja mikono ya shati tayari. Vifungo alivaa gauni la hariri la kijani alilojishonea mwenyewe, na alikuwa amejipaka rangi ya mdomo. Aliwatazama, akazitazama ngazi.

"Leo sibebwi," alisema.

"Sasa utapandaje, Dada?" Kitinda aliuliza.

"Sijui. Ila sibebwi. Hii ni hariri, na kaka huyu ana mikono ya mafuta."

Mchukuzi aliangalia mikono yake, akakubali kwamba ni kweli.

Wakakaa hivyo. Bwana harusi, ambaye alikuwa kinyozi, alijifuta jasho kwa taulo dogo la kazini. Msajili alitoa kichwa dirishani huko juu na kusema maharusi wengine wamekwisha kufika, kwa hiyo kama kuna watu wamebadili nia waseme mapema. Vifungo alisogeza kiti mpaka magurudumu yakagusa ngazi ya chini kabisa. Hakuomba kitu. Alikaa tu, mikono mapajani, kama mtu aliyefika kwa wenyewe na kubisha hodi.

Ngazi ya chini ikalala. Ililala kama ng'ombe anavyolala, magoti ya mbele kwanza, kisha kiwiliwili, kisha pumzi ndefu. Iliyofuata ikalala juu ya ile, na nyingine, na nyingine, mpaka mlangoni, na marumaru yote ikawa sakafu moja iliyonyooka ambayo mtu angeweza kuviringisha yai bila kulivunja.

Mlinzi alirekebisha kofia yake.

"Haya piteni, piteni," alisema. "Mnawazibia wengine."

Wakapita. Vifungo alitangulia, bibi harusi akafuata ameshika shela, mama nyuma na kigoda chake. Nyuma yao ngazi zilisimama tena, moja baada ya nyingine, zikijikung'uta vumbi. Zile za mbao kule ndani zilichelewa kidogo kulala kwa sababu ya umri, na zililalamika kwa milio, lakini zililala. Msajili alimkaripia kila mtu kwa kuchelewa. Kinyozi alilia kuliko bibi harusi. Vifungo alisaini kwa herufi kubwa, akaweka na mstari chini.

Kisha akaenda dirishani. Alikuwa amewajua watu wa mji ule kwa mikanda yao, kwa mifuko ya suruali iliyotoboka na pindo zilizofumuka. Sasa aliona vichwa. Aliona utosi wa diwani mmoja aliyejulikana kwa nywele nyingi, ukiwa mweupe na unang'aa kama sahani.

"Shemeji!" alimwita kinyozi. "Hebu njoo uone wateja wako wanavyokudanganya!"

Alicheka mpaka akashika kingo za dirisha. Paa zilienda mpaka kwenye vilima, nguo zilianikwa juu ya maghorofa, na kwenye paa moja mtu alikuwa akifuga njiwa bila mtu yeyote wa chini kujua. Alitazama kwa muda mrefu. Halafu akamgeukia mama yake.

"Mama. Ulisema huku juu hakuna kitu."

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda chake katikati ya ukumbi, ingawa viti vilikuwa vingi.

"Nilikuwa nakupoza, mwanangu," alisema.

"Miaka yote?"

"Na mimi nilikuwa najipoza."

Vifungo alimshika mkono na kumvuta dirishani, wakasimama mmoja na kukaa mmoja, wakihesabu vipara.

Tangu siku hiyo ngazi za mji zililala kila Vifungo alipofika. Mhandisi wa jiji alikuja na vipimo vyake. Alipima akapata kwamba mlango wa jumba la jiji uko juu kama zamani, na kwamba njia ya kuufikia ni tambarare. Alipima tena kwa upande wa pili. Akaandika yote mawili na kwenda kula chakula cha mchana.

Vifungo naye akawa hakamatiki. Alifunga duka mapema na kwenda popote palipokuwa na ngazi, hata kama hakuwa na shughuli. Alikwenda kwenye roshani ya mahakama, akasikiliza kesi ya mbuzi mpaka hukumu. Alipanda daraja la waenda kwa miguu. Wauza soksi waliojipanga kwenye ngazi zake waliinua bidhaa zao ngazi zilipolala, wakaziteremsha, wakaendelea kupatana bei. Ngazi ya umeme ya duka kubwa ilisita, ikajilaza, na ikaendelea kwenda ikiwa imelala, kama mtu anayetembea usingizini. Ile ya chuma ya mnara wa zimamoto, iliyojizungusha kama skrubu, ilikuwa na mtekenyo: ilijikunjua kwa kucheka, ikajinyoosha uwanjani mpaka ukutani, na wazimamoto wakalazimika kuibembeleza ijizungushe tena.

Aliporudi nyumbani alimsimulia mama yake kila kitu, pamoja na mbuzi, akimwigiza hakimu na shahidi na mbuzi mwenyewe. Mama alicheka mpaka akaomba maji.

Watu wakaanza kumfuata. Ngazi zilisimama punde tu Vifungo akishapita, kwa hiyo ilibidi kumkaribia. Akina mama wenye vigari vya watoto walimbana kulia na kushoto. Wachukuzi wa sokoni walimsubiri wakiwa na friji kwenye mkokoteni. Wajawazito, wazee wa magoti, kijana aliyevunjika mguu kwenye mpira, bibi mmoja aliyetaka tu kuona paa la nyumba yake mwenyewe kabla hajafa. Kundi lote lilitembea kama harusi isiyo na ngoma, likisemezana na kukanyagana.

Wa karibu kuliko wote alikuwa mwalimu mstaafu mwenye magongo, aliyekatwa mguu kwa sababu ya sukari. Mara ya kwanza alimsogelea Vifungo kwa adabu.

"Samahani, binti yangu. Unaelekea wapi?"

"Maktaba, Mwalimu."

"Basi na mimi naelekea maktaba."

"Na jana pale mnara wa zimamoto?"

"Jana nilikuwa naelekea ulikokuwa unaelekea."

Maktaba ilikuwa na ngazi za mawe na mwalimu hakuwa ameingia humo tangu mguu uondoke. Siku ile aliingia, akavuta harufu ya vitabu kama mtu anayenusa mchuzi, akamwomba Vifungo asiondoke upesi. Vifungo akasoma gazeti la mitindo mara mbili.

Halafu mhandisi akaja dukani na maua. Alikuwa mtu mwenye furaha siku hiyo, na furaha yake ilikuwa ya kweli.

"Tumekwama kwa miaka," alisema. "Mji mzima tulitakiwa kuweka njia za mteremko. Kila ofisi, kila daraja. Mabishano! Huyu hataki bustani yake iguswe, yule anasema marumaru ni ya kihistoria. Jana baraza limekaa, limefuta mpango wote. Tatizo limejimaliza lenyewe."

"Limejimalizaje?"

"Si wewe upo!"

Vifungo alikuwa akivika kifungo kitambaa. Alikaza uzi kwa meno.

"Nikiwa dukani je?"

"Utakuwa unapitapita," mhandisi alisema, akayaweka maua ndani ya birika.

Jengo jipya lilikuwa karibu kumalizika. Liliitwa Nyumba ya Wote, na lilikuwa na maktaba mpya, ukumbi wa mikutano, kliniki ya watoto na bustani ya kupumzikia juu kabisa. Mchoro wa kwanza ulikuwa na njia ya mteremko iliyozunguka miti. Baada ya uamuzi wa baraza mhandisi aliifuta, na kwa kuwa ngazi zingelala tu, hakuona sababu ya kuzibania. Akaongeza. Zilipanda kwa mikunjo, zikapumzika, zikapanda tena, nyeupe, pana, mpaka mtu aliyesimama chini alilazimika kushika kofia ili atazame juu. Kila mtu alisema ni nzuri, na zilikuwa nzuri.

Siku ya ufunguzi Vifungo alialikwa kama mgeni wa heshima. Uwanja ulijaa. Vigari vya watoto, magongo, fimbo nyeupe, viti vya magurudumu ambavyo Vifungo hakujua kama vimo mjini, vikitoka vichochoroni na majirani wakivisukuma. Watu waliokuwa ndani miaka mingi wakijikinga jua kwa viganja. Kulikuwa na bendi. Meya alisimama ngazi ya katikati ili aonekane, akaeleza kwamba mji huu haumwachi mtu nyuma.

Vifungo alisogea. Ngazi za Nyumba ya Wote zilikuwa mpya na hazikujua kupokezana, kwa hiyo zililala zote kwa mara moja, kwa kishindo kama makofi ya uwanja mzima. Meya alijikuta amesimama usawa wa kila mtu, karatasi mkononi, na bibi aliyekuwa mbele yake akamwambia kwa upole, "Sogea, baba, tupite."

Wakapita! Mpiga ngoma kubwa, aliyezoea kuiacha ngoma chini, aliiviringisha na kuiendea mbio. Watoto walijilaza kwenye marumaru iliyolala na kujiviringisha mpaka mlangoni. Kijana wa mguu wa plasta alicheza na mjamzito. Wasioona walikunja fimbo zao wakashikana mikono, wakaenda mstari mmoja wakiimba, na wa mbele aliyegonga nguzo aliiomba radhi na kuikaribisha kwenye mstari. Mama yake Vifungo alikiacha kigoda popote pale na kwenda kuonana na bustani. Kitinda na kinyozi wake walipanda na kushuka, wakapanda na kushuka, bila sababu.

Alasiri Vifungo alikumbuka kwamba kuna bibi harusi anakuja kupimwa. Aliwaaga waliokuwa karibu, akatoka. Ngazi zikasimama nyuma yake.

Alikuwa amemaliza kiuno na kuanza mabega simu ilipolia. Alikuwa yule mlinzi wa jumba la jiji, aliyehamishiwa Nyumba ya Wote.

"Fundi, kuna watu wako huku."

"Watu wangu?"

"Wako juu, hawawezi kushuka. Na wengine wako chini, hawawezi kupanda. Wanaulizana hali."

Alirudi akiwa na tepu shingoni. Chini ya ngazi alimkuta mama wa mapacha ameegemea kigari, mmoja wa watoto amelala na mwingine ana homa; kliniki ilikuwa ghorofa ya kwanza, na taa zake zilionekana. Juu, kwenye dirisha la maktaba, mwalimu mstaafu alikuwa amening'iniza mkono.

"Sikuita kwa kulalamika, binti yangu," alisema kwa sauti iliyofika chini vizuri. "Ila gazeti nimelimaliza, na matangazo yake, na vifo."

Vifungo alimwangalia mtoto wa homa. Alihisi kicheko kinampanda pamoja na hasira, vyote kwa wakati mmoja, kama chafya na kwikwi. Ngazi zililala. Mama wa mapacha alimpita akikimbia na kumgusa bega bila kusimama, wa juu wakateremka, na wote wakamshukuru yeye.

Kesho yake alikwenda kwa mhandisi.

"Weka njia ya mteremko," alimwambia.

"Lakini ngazi zinalala!"

"Zinanilalia mimi."

"Ndiyo maana tunakushukuru kila mkutano. Imo kwenye ajenda: shukrani."

"Mimi nina duka, Mhandisi. Nina mishono. Nina miguu isiyotembea na mikono inayotakiwa na watu. Nikiugua je?"

Mhandisi alifikiri kwa dhati kabisa.

"Usiugue," alisema.

Vifungo akagoma. Alikaa dukani, akafunga mlango wa nje, akawashonea waliopitia uani. Baraza lilidhani anaumwa, likamtumia machungwa. Yeye alingoja watu waende kwa meya wakapige kelele. Badala yake walikuja dukani, kwa zamu, wakiwa na supu. Chini ya ngazi za Nyumba ya Wote walikaa juu ya mifuko yao wakiulizana fundi anaendeleaje, na kuombeana afya yake. Hakuna aliyeuliza habari ya njia ya mteremko. Mwalimu mstaafu, kwa kukosa vitabu, alianza kuwasimulia waliokuwepo riwaya alizokwisha zisoma, na alikuwa akizichanganya, mchumba wa hii akimwoa tajiri wa ile.

"Wamekuwa wakimuua mtu yuleyule tangu juzi," Kitinda alimwambia dada yake. "Dada, na yule mtoto wa homa ana miadi kesho."

Vifungo alikula chungwa zima kabla ya kujibu.

"Mwambie shemeji alete mkokoteni wa kubebea cherehani."

Asubuhi walimkuta katikati ya ngazi zilizolala, cherehani mbele, kioo kirefu kimeegemezwa kwenye nguzo, redio imefunguliwa, nyuzi kwenye bakuli. Alikuwa ameondoka dukani lakini hakuwa mgeni wa heshima wa mtu yeyote, alikuwa kazini. Kwa kuwa hakusogea, ngazi nazo hazikusogea. Watu walipita kulia na kushoto kwake kutwa nzima, na baada ya siku chache ngazi zilizoea kiasi cha kukoroma mchana. Mtoto wa homa alipata dawa yake. Maharusi walikuja kupimwa hapohapo, wakageuka mbele ya kioo na shela zao zikaruka na upepo, na wapita njia waliwapigia vigelegele na kutoa maoni kuhusu urefu wa pindo. Wasichana waliokuja kurudisha vitabu waliondoka wakiwa wamechumbiwa. Kinyozi alihamisha kiti kimoja, akawanyoa waliokuwa wakisubiri, kuanzia na diwani wa utosi, ambaye alikwisha kukata tamaa ya kuficha.

Na jioni Vifungo alikunja tepu, akafunika cherehani, akaita kwa sauti kuu ili wote wasikie: "Nafunga! Anayetoka atoke!" Wakatoka kwa haraka, wakisukumana na kucheka. Aliyebaki alibaki, na aliyechelewa alichelewa. Ngazi zikaamka.

Mwaka ule meya aliweka jiwe la msingi la hospitali mpya upande wa pili wa mji. Mchoro wake ulibandikwa mahali pa wazi, nao ulikuwa na ngazi ndefu kuliko zote, zilizopangwa kwa ustadi mkubwa mpaka mlango wa wagonjwa mahututi. Siku iliyofuata meya alikuja mwenyewe pale ngazini, akavua kofia. Vifungo alikuwa akipinda shela, mdomo umejaa pini.

"Fundi," meya alisema, kwa heshima zote, "nilikuwa nauliza. Katika ukoo wenu, hamna mwingine asiyetembea?"

Vifungo alimkabidhi ncha ya shela, na kwa kidole akamwonyesha arudi nyuma mpaka kitambaa kikaze. Meya akarudi nyuma, akaishika. Watu walikuwa wakipita, na kila aliyepita aliinama chini ya shela na kumwambia ashike vizuri.